PNA haishiki seli za saratani? Angalia asidi ya siali kwanza

Mkuu, umepaka PNA (lektini ya karanga, yaani protini inayoshika sukari, iliyotiwa rangi ing'aayo) kwenye seli za saratani, hazikung'aa, na unauliza kama sukari za juu ya seli hazijabadilika. Usihitimishe hivyo bado. PNA hutambua galaktosi iliyoungana na GalNAc (sukari nyingine), mnyororo uitwao antijeni ya T. Seli nyingi za saratani zina mnyororo huo mfupi, ila ncha yake imefunikwa na asidi ya siali (sukari yenye asidi), na PNA haipati pa kushika.

Gawa seli mafungu mawili. La kwanza litie nuraminidasi, kimeng'enya kinachokata asidi ya siali, nyuzi 37, dakika 30 hadi 60. La pili likae kwenye bafa ileile na joto lilelile bila kimeng'enya. Osha, kisha paka PNA 5 hadi 10 µg/ml juu ya barafu kwa dakika 30, maana penye joto seli hai huimeza lektini. Mng'ao ukipanda kwenye fungu la kwanza tu, antijeni ya T ipo, ilikuwa imefichwa.

Usipopanda popote, hakikisha kimeng'enya kilifanya kazi: mng'ao wa MAL-II, lektini inayoshika asidi ya siali, lazima ushuke. Ukishuka na PNA bado kimya, paka VVA, lektini inayoshika GalNAc, kwenye mafungu yote mawili. Huenda mnyororo umeishia kwenye GalNAc, yaani antijeni ya Tn. Hutokea protini ya Cosmc ikiharibika, kwa sababu bila hiyo kimeng'enya cha kuongeza galaktosi hakikunjiki sawasawa.

Bomba la majaribio la kizuizi, lenye sukari inayoizuia lektini isishike, ni lazima, na wengi huliruka. Changanya PNA na galaktosi 0.2 M nusu saa kabla ya kupaka. Kwa VVA tumia GalNAc. Mng'ao usiposhuka, unachokiona si sukari.

Kuzuia lektini isinate ovyo, usitumie maziwa wala seramu, zimejaa glikoprotini zinazonyonya lektini. Tumia albumini safi. Usibandue seli kwa tripsini: hukata protini zilezile zinazobeba sukari unazozitafuta. Ukizibandua kwa EDTA, kemikali inayonasa metali, ioshe yote, kwani PNA inahitaji kalsiamu na manganisi. Seli zikiganda mabonge, punguza lektini: ina mikono minne, hivyo huunganisha seli jirani. Seli zilizokufa zitenge kwa rangi maalumu ya kuzitambua, maana lektini hupenya ndani na kung'aa sana.

Linganisha na seli za kawaida za tishu hiyohiyo. Limfosaiti changa za thaimasi, zenye afya kabisa, nazo hushikwa na PNA.