Ukikubali jina la bandia, linalobaki ni lako

Nilikuwa nahariri jarida dogo la chama cha wafanyakazi, kurasa kumi na mbili, tunalibana stepla wenyewe. Siku moja nikapitisha makala iliyosainiwa kwa jina la bandia, kuhusu makato ya mishahara yasiyofika yanakopelekwa. Meneja aliponiita akitaka kujua nani kaandika, nikamjibu, "Mimi nimehariri tu, bosi." Ile "tu" inanikera mpaka leo.

Baadaye ndipo nikasoma habari za Carl von Ossietzky, mhariri wa Die Weltbühne, jarida la mrengo wa kushoto lililotoka Berlin kila wiki. Machi 1929 alichapisha makala ya Walter Kreiser, kwa jina la bandia la Heinz Jäger, iliyofichua kwamba Ujerumani inaunda jeshi la anga kisirisiri kinyume cha Mkataba wa Versailles, ule wa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwaka 1931 wote wawili wakahukumiwa miezi 18 kila mmoja. Mwenye makala akakimbilia Ufaransa. Mhariri akabaki, na Mei 1932 akaenda kwa miguu yake gereza la Tegel, marafiki wakimsindikiza hadi langoni.

Alitoka kwa msamaha wa Krismasi. Haikupita miezi mitatu, jengo la Bunge la Ujerumani likaungua, na tarehe 28 Februari 1933 Wanazi wakamkamata. Katika kambi ya mateso ya Esterwegen alifanyishwa kazi za sulubu kwenye vinamasi mpaka kifua kikuu kikammaliza nguvu. Mwaka 1936 akatunukiwa Nobel ya Amani ya 1935. Göring, mmoja wa vigogo wa Wanazi, alimshinikiza aikatae. Akaikubali, ila Oslo hakuruhusiwa kwenda. Alifariki Berlin tarehe 4 Mei 1938, bado chini ya ulinzi.

Wenzangu mnaoanza kuhariri, simtumi mtu jela (mimi mwenyewe nilitetemeka mbele ya meneja tu). Ila kabla hujakubali jina la bandia, keti na mwandishi akueleze kila tarakimu kaitoa wapi. Nakala za karatasi zikae kwako, siyo kwenye simu yake. Halafu jiulize: huyu akihama mji kesho, makala hii nitaisimamia mwenyewe? Ukijikuta unasema "labda", iache isubiri toleo lijalo.

Makala yetu ilikuwa sahihi hadi senti ya mwisho. Hati za mishahara za miezi minne zilikuwa kwenye droo yangu siku ile ninaitwa, na ufunguo ulikuwa mfukoni.