Bibi Aseme Kimvita, Mjukuu Kiingereza

SWALI: Salaam aleikum mhariri. Sisi ni vijana wa Kisauni, twatayarisha filamu ya dakika 20 bila mfadhili. Ni kisa cha msichana aliyelelewa Uingereza, sasa amerudi kwa bibi yake Mji wa Kale. Bibi asema Kimvita, yaani Kiswahili cha Mombasa, binamu zake Sheng, yeye Kiingereza. Baadhi yetu wanataka yote yawe Kiswahili sanifu ili watu wa bara wafahamu. Mwaonaje? Tena, tukirekodi ndani ya nyumba sauti zina mwangwi.
Msomaji, Kisauni

JIBU: Waaleikum salaam. Msisanifishe hata kidogo. Bibi akiita "ndoo hapa" (njoo hapa) na mjukuu akajibu kwa Kiingereza, bado kasimama mlangoni na viatu miguuni, mtazamaji ameshajua nani mwenyeji na nani mgeni. Wote wakisema kama wasomaji wa taarifa ya habari, mtalazimika kuandika mazungumzo ya kueleza kile ambacho sikio lingekipata lenyewe, na hapo ndipo filamu za namna hii hupwaya.

Andikeni kila mstari kwa kumtazama anayeambiwa. Msichana hasemi na bibi kama anavyosema na binamu. Kwa bibi atajikongoja kwa Kiswahili cha kubahatisha, akikwama arudi kwenye Kiingereza. Mistari ya bibi mpeni mtu mzima wa Mji wa Kale aisome kwa sauti. Akibadilisha neno, liandikeni alivyolisema. Na mwigizaji asiyejua Kimvita asilazimishwe kukiiga, watu wa Mombasa watamjua kwenye sentensi ya kwanza.

Wa bara watasoma manukuu, yaani tafsiri iandikwayo chini ya picha: mistari isiyozidi 2 kwenye skrini, kila mmoja herufi kama 42 hivi, ikae walau sekunde 1. Maneno yetu ni marefu, kwa hiyo fupisheni. Sheng nayo iwekewe manukuu, bibi zenu pia watakuja kutazama.

Mwangwi watoka kwenye kuta nene za matumbawe na sakafu tupu. Tandikeni mablanketi sakafuni, mengine mtundike nyuma ya kamera, na maikrofoni ikae kama nusu mita kutoka kinywa cha mwigizaji, nje kidogo ya picha. Zimeni feni na friji. Ufunguo wa pikipiki utieni ndani ya friji, hamtaondoka bila kuiwasha friji tena. Kabla ya kutoka, rekodini sekunde 30 za kimya cha chumba hicho, mtazihitaji kuziba mapengo wakati wa kuhariri. Adhana ikianza, simameni mpaka iishe: ni adabu, na mkikata tukio katikati yake itasikika ikirukaruka.

Kamera iwe picha 25 kwa sekunde, na shata (muda ambao kila picha hupokea mwanga) iwe sekunde 1/50. Umeme wetu ni wa hezi 50. Mkitumia picha 30 na shata 1/60, baadhi ya taa zitapepesa.

Kibali cha kurekodi kinatakiwa na Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222. Kabla ya kuonyesha hadharani, ipelekeni kwa Bodi ya Uainishaji wa Filamu iwekewe daraja la umri. Mkitaka kurekodi ndani ya Fort Jesus, ombeni ruhusa ya Makavazi ya Kitaifa mapema.