Wachezaji wa ligi kuu watangulizwe kwenye foleni ya chanjo?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni mtaalamu wa viungo katika timu ya mpira wa miguu ya ligi kuu. Uongozi umeniagiza niandae andiko la kitaalamu la kuomba kwamba likitokea janga jingine, wachezaji wetu wachanjwe mwanzoni kabisa, mara chanjo itakapopatikana. Hoja wanazotaka nizitetee ni kwamba wachezaji husafiri sana na kukaa karibukaribu, kwamba ajira za watu wengi zinategemea mechi, na kwamba mashabiki wakiwaona nyota wao wakichomwa sindano nao watakubali. Klabu iko tayari kununua dozi kwa fedha zake, ili isionekane imemnyang'anya mtu. Je, hoja hizi zinasimama? Na nani anachanjwa kwanza hupangwa kwa kigezo gani?

JIBU: Marahaba. Nimefurahi umeuliza kabla ya kuandika, maana andiko la namna hii likishatoka na sahihi ya mtaalamu wa afya, ni vigumu kulirudisha. Maadamu chanjo ni haba, jibu langu ni hapana. Ikishakuwa nyingi, wachezaji wana kazi kubwa ya kufanya, na hilo nitalifikia.

Tuanze na kigezo. Anayepanga foleni ya chanjo hujiuliza swali moja: dozi hii nikiiweka kwenye mkono huu badala ya ule, nitazuia nini? Chukua UVIKO-19. Makadirio yaliyotolewa mwaka 2020 yalionyesha kwamba kati ya vijana 10,000 wa miaka 25 walioambukizwa, angekufa takriban mmoja. Kati ya wazee 10,000 wa miaka 75, wangekufa karibu 460. Sasa mpe mchezaji wako kila faida ya shaka. Sema kwa sababu ya safari na vyumba vya kubadilishia nguo, uwezekano wake wa kuambukizwa ni mara kumi ya yule mzee. Bado unalinganisha kumi na 460. Ndiyo sababu Uingereza, ilipoanza kuchanja tarehe 8 Desemba 2020, sindano ya kwanza alichomwa bibi wa miaka 90. Wahudumu wa afya nao waliwekwa juu, kwa kuwa wao wakiugua, wagonjwa wengine wote hukosa wa kuwahudumia.

Kigezo hicho hakimpendelei mzee siku zote. Mwaka 2009, wakati wa mafua ya H1N1, wazee wengi walikuwa na kinga kiasi kutokana na virusi vya zamani, na miongoni mwa waliopewa kipaumbele nchini Kanada walikuwa wajawazito, watoto wadogo na wenye maradhi sugu. Watu wazima wenye afya njema waliambiwa wasubiri. Ndipo likatokea jambo ambalo uongozi wako ungefaa kulisoma kwanza. Mwishoni mwa Oktoba mwaka ule, wachezaji wa Calgary Flames, timu ya hoki ya barafuni katika jimbo la Alberta, walichanjwa pamoja na familia zao katika kliniki waliyoandaliwa peke yao. Wakati huohuo wajawazito na wazazi wenye watoto mikononi walikuwa wakipanga foleni kwa saa nyingi, kisha vituo vikafungwa kwa muda kwa sababu chanjo ilipungua. Habari ilipovuja mwanzoni mwa Novemba, mamlaka ya afya ya jimbo iliwafukuza kazi wafanyakazi wake wawili. Nakuomba uliangalie hilo kwa makini: waliopoteza ajira ni watu wa afya, watu kama mimi na wewe.

Hoja ya safari ina uzito wake na siidharau. Timu inayozunguka miji inaweza kweli kusambaza ugonjwa. Lakini kuna njia nyingine za kuzuia hilo, na klabu zenye fedha ndizo zinazozimudu kuliko mtu yeyote. NBA, ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, iliyosimama Machi 2020 baada ya mchezaji mmoja kukutwa na virusi, ilimaliza msimu wake kati ya Julai na Oktoba katika kambi iliyofungwa huko Orlando. Timu 22 zilikuwa pale, watu wakipimwa kila siku, na hakuna mchezaji aliyethibitika kuambukizwa ndani ya kambi baada ya kumaliza karantini ya kuingia. Wakati huo hakukuwa na chanjo yoyote iliyoruhusiwa Marekani. Muuguzi wa wodini au mama anayewaogesha wazee kwenye makao yao hana kambi ya kujifungia, na kazi yake haiahirishwi hadi msimu ujao.

Tena dozi za mwanzo hazikuwa hakikisho la mashindano salama. Majaribio ya mwanzo ya chanjo za UVIKO-19 yalipima zaidi kama mtu ataugua, na hayakuonyesha moja kwa moja kama ataacha kuwaambukiza wengine. Aprili 2021 shirikisho la soka la Amerika Kusini lilipokea dozi 50,000 kutoka kampuni ya Sinovac kwa ajili ya wachezaji na waamuzi. Hata hivyo, Juni mwaka huohuo, siku moja kabla ya Copa América, mashindano ya mataifa ya bara hilo, kuanza Brazil, wachezaji kadhaa wa Venezuela walikutwa na virusi na ikabidi waitwe wengine kujaza nafasi.

Kuna jambo la kitabibu ambalo viongozi wa klabu hawalifikirii, na wewe unayeshika miili ya wachezaji kila siku unapaswa kuwaeleza. Jaribio kubwa la chanjo ya Pfizer lilihusisha watu zaidi ya 43,000, nusu yao tu wakipewa chanjo yenyewe. Idadi hiyo inatosha kuonyesha kama chanjo inafanya kazi, lakini haitoshi kuona dhara linalompata mtu mmoja katika makumi ya maelfu. Uvimbe wa misuli ya moyo baada ya chanjo za mRNA (aina ya Pfizer na Moderna) ulitambulika wazi katikati ya mwaka 2021, baada ya mamilioni kuchanjwa, na uliwapata zaidi wavulana na vijana wa kiume, hasa baada ya dozi ya pili. Wengi walipona vizuri, na kwa jumla faida ya chanjo ilibaki kubwa kuliko hatari. Ninachotaka ukione ni kwamba kwa kijana mwenye afya, faida ya kutangulia ni ndogo na mambo yasiyojulikana bado ni mengi. Mzee wa miaka 80 ana kila sababu ya kubeba kutojulikana huko. Mshambuliaji wako wa miaka 22 anaweza kusubiri miezi michache bila kupoteza kitu kikubwa.

Kuhusu fedha: klabu kununua dozi zake hakuongezi hata tone moja. Kiwanda kinachozalisha kwa uwezo wake wote kina chungu kimoja tu, na ukichota wewe, mwingine anapungukiwa, hata kama humuoni. Tarehe 6 Mei 2021 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitangaza makubaliano na Pfizer na BioNTech ya kuchanja wajumbe wa michezo ya Tokyo, ikasema dozi hizo ni za ziada na hazitapunguza za mtu mwingine. Nakubali kwamba mashindano yanayokusanya watu zaidi ya 11,000 kutoka pande zote za dunia katika mji mmoja ni suala tofauti na ligi ya ndani, kwa sababu wenyeji nao wanastahili kulindwa. Lakini neno "ziada" lilinichoma. Miezi mitatu na nusu kabla yake, Januari 18, mkurugenzi mkuu wa Shirika la Afya Duniani, Tedros Adhanom Ghebreyesus, alisema dozi zaidi ya milioni 39 zilikuwa zimetolewa katika nchi zisizopungua 49 zenye kipato cha juu, na katika nchi moja maskini kabisa zilikuwa zimetolewa dozi 25. Dozi ishirini na tano, ndugu yangu.

Sasa hoja ya mfano kwa mashabiki, ambayo kwangu ndiyo yenye nguvu, ila uongozi unaitumia mahali pasipo pake. Oktoba 1956 mwimbaji nyota wa Marekani, Elvis Presley, alichanjwa polio New York mbele ya waandishi wa habari, kwa sababu chanjo ilikuwepo na vijana hawakuwa wakijitokeza. Na Uingereza, Aprili 1959, Jeff Hall, beki wa Birmingham City na timu ya taifa, alikufa kwa polio akiwa na miaka 29. Chanjo ilikuwepo pale pia, ila vijana waliiona kama jambo la watoto. Kifo chake kiliwatoa nyumbani, na vituo vikalazimika kuongezwa kwa haraka. Katika visa vyote viwili tatizo lilikuwa mikono isiyokuja. Chanjo ikiwa haba tatizo ni kinyume chake, na picha ya nyota akichomwa sindano haimhamasishi mtu ambaye tayari amesimama kwenye foleni tangu alfajiri. Inamuudhi. Ilipojulikana Peru, Februari 2021, kwamba watu 487 wakiwemo wakubwa wa serikali walichanjwa kisirisiri, mawaziri walijiuzulu.

Utaulizwa pia juu ya dozi zinazobaki jioni. Wakati wa UVIKO-19 nilikuwa siku moja kwenye meza ya chanjo. Kichupa cha dozi kumi kilikuwa kimetobolewa saa tano asubuhi, na muuguzi aliandika saa hiyo kwenye lebo kwa kalamu ya wino mzito, kwa kuwa chanjo ile ilitakiwa iishe ndani ya saa sita. Saa kumi alasiri zilibaki dozi tatu na viti vitupu. Simu ikalia: mtu mwenye jina alikuwa tayari kutuletea vijana watatu kwa gari. Muuguzi alisikiliza kwa heshima, akakata, akafungua daftari la akiba lenye majina ya wazee wa jirani, akaanza kuwapigia. Wa tatu aliingia dakika kumi kabla ya muda kuisha, ameshikwa mkono na mjukuu wake. Daftari lile liliandaliwa asubuhi, kabla mtu yeyote hajapiga simu. Dozi za jioni zinahitaji utaratibu uliopangwa mapema, la sivyo humwendea mwenye namba ya simu ya mkubwa.

Kwa hiyo ningekushauri ubadilishe andiko. Orodhesha watu wa klabu ambao tayari wanaingia kwenye makundi ya kipaumbele: kocha aliyevuka miaka 60, mtunza vifaa mwenye kisukari, mfanya usafi mwenye pumu. Wasaidie waandikishwe kwenye vituo vya kawaida, kwa zamu yao. Toeni uwanja wenu. Mwanzoni mwa 2021 Dodger Stadium huko Los Angeles iligeuzwa kituo kikubwa cha chanjo, kwa sababu uwanja una maegesho, vyoo, milango mingi na nafasi ya kukaa dakika 15 za uangalizi baada ya sindano. Kisha wachezaji waahidi kwa maandishi kwamba siku zamu ya umri wao itakapofika watachanjwa hadharani, na wataongozana na mashabiki wanaositasita.

Na wewe mwenyewe, kama unagusa wagonjwa kila siku, jiandikishe katika kundi la wahudumu wa afya kwenye kituo kilicho karibu nawe. Usiandikwe kwenye orodha ya timu.