Kilo saba za insulini

Miezi mitano tangu nianze kuchoma insulini, nilipanda mizani nikakuta nimeongezeka kilo saba. Nikashuka, nikaisogeza pale sakafu ilipo sawasawa, nikapanda tena. Zilezile saba. Kilichoniudhi ni kwamba kwa hesabu yangu chakula sikuwa nimeongeza, basi lawama zote nikaitupia sindano.

Nikafanya ujinga ambao najua siko peke yangu kuufanya: nikaanza kuruka dozi. Leo naruka ya asubuhi, kesho ya jioni. Uzito ulishuka kweli, na ndipo mtego ulipo. Ndani ya siku chache kiu ilirudi, macho yakaingia ukungu, usiku naamka mara nne kwenda haja ndogo. Nilipopima, sukari ilikuwa 19 (vipimo vyangu vyote ni vya mmol/L). Nilikuwa sipungui kwa afya, mwili ulikuwa unajila. Mimi nina kisukari aina ya 2. Mwenye aina ya 1 akicheza mchezo huo, sumu ya ketoni, yaani tindikali inayojaa kwenye damu mwili ukichoma mafuta kwa kukosa insulini, inaweza kumlaza hospitali kwa muda mfupi sana, au imwue.

Daktari hakunigombeza. Alinieleza kwamba sukari ya damu ikipita 10 hivi, figo hushindwa kuirudisha yote mwilini, inayozidi hutoka na mkojo. Gramu moja ya sukari ina kalori 4. Anayepoteza gramu 100 kwa siku kwa njia hiyo anamwaga kalori 400 alizokwisha kuzila. Kumbe miaka yote ile nilikuwa nakula sahani ya watu wawili, mimi na choo! Insulini ilipoziba tundu, sahani ikabaki vilevile. Tena sehemu ya kilo za mwanzo ni maji na nyama ya mwili niliyokuwa nimepoteza nikiumwa, hizo sikuwa na sababu ya kuzililia.

Lakini saba ni nyingi. Katika utafiti mkubwa wa Uingereza uitwao UKPDS, uliotoa matokeo yake 1998, waliowekwa kwenye insulini waliongezeka kama kilo 4 zaidi ya wenzao waliotegemea hasa lishe, na hiyo ni kwa miaka 10. Mimi miezi mitano tu. Palikuwa na jambo jingine, na nililiona nilipoanza kuandika kwenye daftari saa, kipimo, dozi, na kila kitu nilichokula kwa sababu ya sukari kushuka.

Kwa wiki mbili ilishuka chini ya 4 mara sita, zote kati ya saa nane na saa kumi usiku. Aliyewahi kushukiwa na sukari anaijua njaa ile: jasho, mikono inatetemeka, moyo unakwenda mbio, na tumbo halina adabu hata kidogo. Nilikuwa nasimama mbele ya jokofu nakula kila ninachokiona, juisi, mkate, kiporo, mpaka mtetemo uishe. Asubuhi napima 15. Kibaya zaidi, nilishaanza kula kabla ya kulala hata siku ambazo sukari ilikuwa sawa, kwa woga tu.

Dawa ya hali hiyo ni ndogo kuliko woga wenyewe. Gramu 15 za sukari ya haraka, yaani nusu glasi ya juisi au vijiko vitatu vinne vya chai vya sukari kwenye maji, kisha subiri dakika 15 upime tena. Bado iko chini? Rudia. Dakika hizo 15 ni ndefu kuliko saa nzima. Kilichonisaidia ni kuweka pakiti ndogo ya juisi kando ya kitanda, nisifike jikoni kabisa. (Mtu akizimia, usimnyweshe kitu, ita msaada haraka.)

Nikampelekea daktari daftari, akapunguza insulini ya usiku. Kwa maoni yangu hilo ndilo la kwanza kuliangalia kabla ya kuanza kujinyima: ikiwa unakula ili uilishe sindano, huenda dozi imezidi. Usiipunguze mwenyewe, ila nenda na maandishi.

Akanishika pia tumboni, upande wa kushoto nilipozoea kuchoma, akakuta pamevimba na kuwa pagumu. Insulini ikiingia pale hufyonzwa ovyo, leo kidogo, kesho yote kwa pamoja. Sasa nazungusha sehemu. Mkihama kwenye uvimbe kama huo mwambieni daktari kwanza, kwa sababu dozi ileile sehemu mpya inaweza kuwashusha sana.

Wanga nilipunguza baadaye, polepole, na insulini ya mlo ikarekebishwa pamoja nayo. Kupunguza chakula na kuacha dozi ya mlo vilevile ni kujitafutia kushuka kwingine. Kutembea dakika 20 baada ya kula kulinifaa, ingawa siku nikizidisha jioni napima tena kabla ya kulala, maana mazoezi huweza kushusha sukari saa nyingi baadaye. Niliendelea pia na metformini, vidonge vya kisukari ambavyo husaidia kuzuia uzito usipande sana. Muulize daktari wako kama vinakufaa.

Mwaka umepita. Kilo nne zimetoka, tatu zipo, na kipimo cha asubuhi sasa huwa kati ya 5 na 7. Mizani naipanda Jumamosi tu, kabla ya chai. Pakiti ya juisi bado iko kando ya kitanda. Ya sasa ina vumbi.