Bima ya gari Uingereza: kwa nini bei haitulii

Mtanzania anayenunua gari lake la kwanza Uingereza huja na hesabu ya nyumbani: bima ndogo ina bei yake inayojulikana, bima kubwa ni asilimia ya thamani ya gari, mambo yameisha. Halafu anakuta kigari cha pauni 2,000 kinatakiwa bima inayokaribia bei yake. Anadhani tovuti imekosea.

Haijakosea. Huku kinachopimwa zaidi ni dereva: umri, leseni ameipata lini, analala mtaa gani, anafanya kazi gani, ameshawahi kugonga au kugongwa. Kila mwaka wanakupima upya. Jambo pekee ambalo ungelitarajia na halimo ni jinsia, maana tangu Desemba 2012 kampuni za bima haziruhusiwi kumtoza mwanamume na mwanamke bei tofauti kwa sababu hiyo.

Nianze na leseni, kwa sababu ndiyo inayowaumiza wageni wengi. Leseni ya Tanzania, kama za Kenya na Uganda, inakuruhusu kuendesha kwa miezi 12 tangu ulipoanza kuishi huku. Nchi zetu hazimo kwenye orodha ya zile, kama Afrika Kusini na Zimbabwe, ambazo leseni zake hubadilishwa bila mtihani. Kwa hiyo unaanzia lena, mtihani wa nadharia, kisha wa barabarani. Ukiendelea na leseni ya nyumbani baada ya miezi hiyo, unaendesha bila leseni halali, na bima uliyoilipia unaitia mashakani. Ukishafaulu, kampuni nyingi zinakuhesabu kama dereva mpya, hata kama umeshusha mlima Kitonga na lori lenye mzigo mara zisizo na idadi. Inauma, lakini hakuna mtu wa kumlalamikia. Faulu mapema ndani ya ule mwaka wa kwanza, ili miaka ya leseni ianze kuhesabika. Na ukumbuke kwamba kwa miaka 2 ya mwanzo, pointi 6 za makosa zinatosha kukunyang'anya leseni.

Linalofuata ni mtaa. Nilipohama kutoka mji mdogo kuja Birmingham, gari lilikuwa lile lile na mimi ni yule yule, ila bei ilipanda kwa sababu ya postikodi, yaani namba ya posta ya mtaa, peke yake. London na miji ya West Midlands, mkoa ilipo Birmingham, ina wizi wa magari, msongamano na madai mengi. Mwaka 2022 shirika la Citizens Advice lilitoa ripoti iliyosema watu wasio weupe walikuwa wakilipa wastani wa pauni 250 zaidi kwa mwaka. Kampuni zilijibu kwamba haziulizi rangi ya mtu. Ni kweli haziulizi; zinauliza anwani, na sisi tunajua tunaishi wapi. Usidanganye anwani kwa kuandika ya rafiki aliyeko kijijini. Lakini kabla hujasaini mkataba wa nyumba, ingiza postikodi yake kwenye tovuti ya kulinganisha bei uone. Watu huuliza kodi ya pango na umeme, wakasahau hili.

Sasa matumizi ya gari, na hapa naomba ndugu zangu mnaotunza wazee majumbani msome taratibu. Fomu itakuuliza gari ni la kazi gani. Jibu la kwanza ni shughuli binafsi: dukani, kanisani au msikitini, kwa ndugu. La pili linaongeza kwenda sehemu moja ya kazi na kurudi. La tatu ni shughuli za kazi, yaani kuzunguka sehemu mbalimbali kikazi. Ukitoka kwa mzee mmoja asubuhi ukaenda kwa wa pili na wa tatu, wewe ni wa kundi la tatu, hata kama mwajiri hakukwambia. Nyongeza yake mara nyingi si kubwa. Lakini ukipata ajali katikati ya zamu wakati fomu inasema "shughuli binafsi", kampuni inaweza kukataa kulitengeneza gari lako, ikamlipa uliyemgonga, kisha ikakugeukia wewe ikidai fedha zake. Mkataba ukifutwa kwa sababu hiyo, utalazimika kulitaja kila unapoulizwa, na bei zako zitakukumbusha. Kusambaza chakula au kubeba abiria kwa malipo ni kundi jingine kabisa, na bima ya kawaida hailigusi.

Kuna kupanda ambako hakukuhusu wewe. Kwa takwimu za chama cha kampuni za bima, ABI, wastani wa bima ya gari ulikuwa pauni 434 mwaka 2022, ukafika 543 mwaka 2023, na mwaka uliofuata ukavuka 600. Vipuri vilipanda, mafundi walipanda, na magari ya siku hizi yana kamera na vihisi hadi kwenye bampa, hivyo mkwaruzo wa kawaida unakuwa bili ya maana. Mwaka 2025 bei zikaanza kulegea. Juu ya yote kuna kodi ya serikali ya asilimia 12 ambayo hakuna anayeikwepa. Hivyo ukiona bei imepanda na hujafanya kosa lolote, usijitafutie dhambi.

Tangu Januari 2022 kampuni hairuhusiwi kumtoza mteja wa zamani zaidi ya ambavyo ingemtoza mpya mwenye sifa zile zile. Wengi wamesikia hilo wakalala usingizi. Sheria hiyo inahusu kampuni yako tu. Ya jirani inaweza kuwa nafuu sana. Mimi hutafuta bei wiki tatu au nne kabla ya mkataba kuisha, maana anayesubiri siku ya mwisho huonekana hatari zaidi, na bei humpandia. Linganisha bima kubwa na ndogo pia. Mara nyingi huku kubwa ndiyo rahisi. Kulipa kwa mwezi ni mkopo wenye riba, kwa hiyo kama mnacheza upatu, omba zamu yako iangukie mwezi wa bima. Kumwongeza mwenza mwenye uzoefu kama dereva wa pili kunaweza kushusha bei, ila kumwandika yeye dereva mkuu wakati gari unaliendesha wewe kila siku ni udanganyifu unaoweza kukufikisha mahakamani.

Na vishoka wapo hata huku. Anayekutumia WhatsApp kwamba atakupatia bima kwa nusu bei anaweza kukuuzia karatasi tupu. Polisi hawaangalii stika kwenye kioo. Kamera zao zinasoma namba ya gari na kuilinganisha na hifadhidata ya Motor Insurers' Bureau, ofisi ya pamoja ya kampuni za bima za magari, ambayo nawe unaweza kuangalia gari lako humo bure. Kukutwa bila bima ni faini ya pauni 300, pointi 6, na gari linaweza kubebwa papo hapo.

Ukienda likizo ndefu nyumbani, usifute bima ukaliacha gari barabarani. Sheria inataka gari liwe na bima hata likiwa limesimama, isipokuwa umeiarifu DVLA, mamlaka ya leseni na usajili wa magari, kwamba halitumiki na umeliegesha eneo binafsi. Ukiwa unaondoka kabisa, omba barua ya miaka uliyokaa bila kudai fidia, ambayo hukupunguzia bei ukirudi, uiweke pamoja na vyeti vyako. Kampuni nyingi za huku huikubali kwa miaka 2, na mipango ya kurudi nyumbani moja kwa moja tunaijua inavyobadilika.