Re: Kutembea kufuata mito iliyofukiwa Dar

Mkuu, umeuliza kama hapa Dar kuna mito iliyofukiwa ambayo watu wanaweza kuitembelea kwa kundi, na mwenyeji awaongoze. Kufukiwa kabisa chini ya lami kama London sio sana. Yetu imebanwa: kuta za nyumba, vifusi, taka, karavati.

Mimi ningeanza na Mto Ng'ombe, pale Tandale. Pitieni kwanza ofisi ya serikali ya mtaa, mjieleze, muombe mjumbe au mzee wa siku nyingi awatangulie. Bila hivyo mtaonekana watu wa kupima viwanja, na hapo hamtapata stori yoyote. Huyo mzee ndiye atakayewaonyesha maji yalipokuwa yanapita zamani. Nanyi angalieni milango: vizingiti vimejengwa juu hadi unavipanda kama ngazi, na ukutani kuna mstari wa tope ulioachwa na mafuriko.

Siku nyingine fuateni Msimbazi, unaotoka milima ya Pugu na kumwaga baharini pale daraja la Salenda. Mkifika mtaa wa Jangwani, bondeni mwa mto huo, mtaelewa kwa nini watu walihamishiwa Mabwepande, pembezoni mwa jiji, baada ya mafuriko ya Desemba 2011.

Ramani ipo bure: vijana wa Ramani Huria, mradi wa kuchora ramani za mitaa ya Dar, walichora mitaro na mitaa mingi pamoja na wakazi, kuanzia 2015.

Nendeni Julai au Agosti, masika msijaribu. Vaeni gambuti (maji yale sio ya kukanyaga na ndala), na picha za watu ombeni kwanza.