Ukitaka hina ikulishe, anza kwa masharti

Wasichana wanaoniandikia hunieleza jambo moja kwa namna nyingi. Wamependa kuchora tangu utotoni, kila sikukuu wao ndio huwatia hina dada na binamu zao, kila mtu anawasifu mkono, na sasa wanataka hina iwe kazi. Wanauliza waanzie wapi. Mimi natia hina kwa malipo hapa Mombasa, ndiyo inayonilisha, na jibu langu halianzii kwenye mtaji wala kwenye simu yenye kamera nzuri. Keti uandike masharti yako kabla mteja wa kwanza hajakulipa: bei yako, muda wako, hina utakayotumia na ile utakayoikataa, picha, na kianzio. Nimeona wasichana wenye mikono mizuri kunishinda wakiichukia kazi waliyokuwa wakiipenda, na karibu wote walichoshwa na mapatano ya mdomo. Kuchora hakukuwachosha.

Nianze na bei, maana ndipo wengi wanapoumia. Vifaa vya hina ni vya bei ya chini. Unga, ndimu, sukari, mafuta, plastiki ya kukunjia koni, basi. Mama wa bibi harusi analijua hilo, na atakwambia, "Mwanangu, si unga na ndimu tu?" Usibishane naye na usimvunjie heshima. Mwambie, "Ni kweli mama, lakini mikono na miguu ya bibi harusi hunichukua tangu adhuhuri hadi baada ya magharibi, na siku hiyo simpokei mtu mwingine." Wengi huelewa papo hapo, kwa sababu nao wamewahi kuketi kwenye mkeka wakitiwa hina na wanajua ni kazi ya saa ngapi.

Basi pima bei yako kwa saa. Weka saa za kuchora, za kuchekecha unga na kukunja koni, za kuvuka feri ya Likoni na kurudi, nauli ya tuktuk, halafu weka kungoja. Kungoja ndiko husahaulika. Utafika saa nane uliyoambiwa, ukute bibi harusi anasingwa, au yuko saluni, au kuna wageni kutoka Lamu wanaomsalimia mmoja mmoja. Hakuna aliyekusudia kukuchelewesha. Harusi zetu ndivyo zilivyo. Mimi huandika wazi kwamba baada ya nusu saa ya kwanza, saa ya kungoja inalipwa, na tangu sharti hilo liwepo naona mabibi harusi wako tayari ninapofika. Kianzio ni nusu, kwa M-Pesa, na kabla hakijaingia tarehe haijafungwa. Ikishafungwa, hakirudi, kwa kuwa nimewakatalia wengine siku hiyo.

Kuhusu jamaa, shika msimamo mmoja. Aliye karibu nawe mno mtie bure, iwe ndiyo zawadi yako ya harusi, na utoe kwa moyo mweupe. Wengine wote walipe kama watu wengine. Nusu bei huleta manung'uniko pande zote mbili: yeye anaona amekulipa, wewe unaona umemsaidia.

Pesa ya hina huja kwa misimu. Ramadhani harusi hakuna, halafu usiku wa kuamkia Idi hulali, kisha mfungo mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, harusi zinamiminika. Agosti na Desemba jamaa wa Ughaibuni na Uarabuni wanarudi, na kila mtu ana harusi ya kwenda. Katikati yake kuna wiki kavu kabisa. Pesa za msimu zisikae kwenye laini unayonunulia mboga. Fungua namba ya till, ile ya kupokelea malipo ya biashara kwa M-Pesa, ya kazi peke yake, na ujilipe kidogo kidogo kila mwezi, hata mwezi ambao umejaa.

Sasa nije kwenye jambo ninalolishikilia kuliko yote: piko kwenye ngozi. Hina halisi ni jani la mhina lililosagwa, na rangi yake inaitwa lawsoni. Ukiibandua ina rangi ya chungwa, kisha inazidi kukolea hadi hudhurungi kwa muda wa siku mbili. Haiwezi kuwa nyeusi ti baada ya nusu saa. Kinachofanya hivyo ni piko, yaani unga mweusi wa kupakia nywele, ule wa pakiti, wenye kemikali inayoandikwa PPD. Umoja wa Ulaya unairuhusu kwenye rangi ya nywele tu, isizidi asilimia 2 inapopakwa, na haukubali ipakwe kwenye ngozi. Huku kwetu watu huikoroga kwa kukisia na kuichora mkono mzima, na wengine huwachora watalii pale ufukweni Diani na Unguja. Ngozi inaweza kuvimba, kutoa malengelenge na kubaki na kovu lenye umbo lile lile la ua. Linalonihuzunisha zaidi ni kwamba aliyeungua mara moja mwili huikumbuka kemikali hiyo maisha yake yote: akija kupaka rangi ya nywele akiwa na miaka hamsini, uso unaweza kumvimba.

Utaombwa piko. Utaambiwa fulani anatia, na bei yake nafuu. Kataa, na ukatae mapema, kwenye ujumbe wa kwanza, kabla watu hawajakusanyika. Utapoteza wateja kadhaa mwanzoni, sitakuficha. Lakini mama aliyeona mikono ya binti yake ikitoka salama atakuleta kwenye harusi ya mdogo wake, na mjini kwetu kazi ya hina inatembea kwa midomo ya akina mama.

Mteja anayetaka rangi iliyokolea mpe njia yake. Atiwe hina siku mbili kabla ya siku ya sherehe, aiache mkononi saa sita hadi nane, asiguse maji siku ya kwanza kadiri awezavyo, apake mafuta. Wewe tumia unga mbichi, mpya, uliochekechwa, ukande na ndimu na sukari, utie mafuta ya mkaratusi. Kwa joto letu rangi huanza kutoka ndani ya saa chache, na koni zilizobaki weka kwenye friza. Mjamzito na watoto watilie mafuta laini ya lavenda badala ya mkaratusi. Watoto wachanga mimi siwatii kabisa, ingawa naambiwa ni mila. Wapo watoto wenye upungufu wa kimeng'enya kinachoitwa G6PD, na upungufu huo ni wa kawaida katika nchi zenye malaria kama yetu. Hina inaweza kuvunja chembe zao za damu, na kwa kuwatazama tu huwezi kuwajua.

Picha. Vitabu vya biashara vitakwambia piga picha kila kazi uitundike mtandaoni. Pwani huwezi. Bibi harusi wengi hawataki hata kidole chao kionekane na wanaume wasiowajua, na katika kupamba, ile sherehe ya wanawake ya kumwonyesha bibi harusi, simu hukusanywa mlangoni. Uliza kabla, pata jibu la maandishi, na ukikatazwa usionyeshe hata kwa shoga yako. Mimi picha zangu nyingi ni za mikono yangu mwenyewe, za mkono wa sanamu, na za karatasi. Zinatosha. Anayejua kuwa unatunza siri za nyumba atakufungulia mlango wa nyumba yake.

Kuna swali la michoro pia. Mteja atakuletea picha kutoka kwenye simu, ya Kihindi au ya Khaleeji, yaani ya Waarabu wa Ghuba, atake vile vile. Mchoree, ni haki yake. Ila ukibaki hapo utashindana kwa bei na kila anayejua kunakili. Mimi naamini maua yetu makubwa, yenye majani yanayotambaa hadi kifundoni, yana thamani ambayo hatujaiuza inavyostahili. Desemba 2024 UNESCO iliingiza mila za hina kwenye orodha ya urithi wa binadamu kwa ombi la nchi 16 za Kiarabu, Oman, Yemen na Sudan zikiwemo. Nilifurahi, na pia niliona uchungu kidogo, kwa kuwa pwani yetu haimo, nasi tunatia hina kila harusi.

Kwa hiyo weka daftari. Nenda ukatazame milango ya Mji wa Kale, uchore waridi na minyororo iliyochongwa kwenye fremu. Chora korosho za kwenye kanga, matundu ya kofia za kushonwa kwa mkono, vidaka vya nyumba za Lamu. Mapenzi yako ya sanaa yanaishi humo, katika kutazama bila mteja kukusimamia. Mimi nina asubuhi moja kila wiki ambayo sipokei simu, nachora tu, na mwingi wa ule mchoro hauuzwi. Ukoo wangu ulinishangaa, sasa wamezoea.

Daftari hilo ni mali pia. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inaulinda mchoro wako tangu unapouchora, hata kama hujausajili. Siku duka litakapotaka maua yako liyachape kwenye vikombe au mikoba, usiwaachie kwa pesa ya mkupuo na maneno matamu. Waandikie ni mchoro upi, kwa bidhaa ipi, kwa muda gani, na utalipwa nini. Kuhamisha hakimiliki kwa sheria yetu lazima kuwe kwa maandishi, na wewe unayeuza ndiye wa kuyasoma kwanza.

Kazi ikizidi, chukua msichana akusaidie kujaza majani wakati wewe unachora mashina, na umlipe siku hiyo hiyo.

Na kama tayari una bibi harusi wiki ijayo na hujaandika lolote, mtumie mama yake ujumbe leo: tarehe na saa, sehemu zitakazotiwa, bei na kianzio, kwamba ni hina tupu bila piko, na kwamba hutapiga picha bila idhini. Akijibu, lihifadhi jibu lake, ndipo ununue unga.